Flame Trees of Thika: uzoefu wangu baada ya kukimaliza

Hiki kitabu nilikipata inama bookshop, zile za mtumba za kando ya barabara, pale tao kwa soo mbili unusu, The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley. Kilitoka 1959 lakini stori yenyewe ni ya 1913 hivi, wazazi wake wamehamia Thika kupanda kahawa na yeye ni katoto ka miaka sita. Mi hukaa Thika kwa hivyo nilikisomea kwa mat asubuhi na jioni, na inachekesha kiaina kusoma mtu akienda Thika kwa mkokoteni wa ng'ombe wakati nyinyi mmekwama hapo Githurai na hakuna gari inasonga.

Huyu mama anajua kuandika bana, hapo sina ubishi. Kuna mahali babake ananunua ekari 500 akiwa ndani ya baa ya hoteli ya Norfolk, Nairobi, kutoka kwa jamaa amevaa tai ya shule ya mabwanyenye kule Uingereza. Hiyo nilirudia mara kadhaa. Shamba linauzwa baa, wenyewe hata hawajui kuna kikao! Halafu wanafika wanakuta ni nyasi na vichaka tu, nyumba hakuna, na kahawa nayo ukipanda leo unangoja miaka kama mitatu minne ndio uone kitu.

Shida yangu ni kwamba masetla wanasimulia kama ardhi ilikuwa imekaa tu ikiwangoja. Sheria ya ardhi ya mkoloni ya 1902 ndiyo iliwapa lisi, yaani kukodishiwa ardhi, ya miaka 99, ya 1915 ikapandisha hadi 999, na ushuru wa kila nyumba uliotozwa Waafrika na serikali ya mkoloni ndio ulisukuma vijana waende kutafuta kibarua kwa mzungu. Usipojua hayo kabla ya kuanza utadhani watu walijileta kwa kupenda. Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ile Njombo, mfanyakazi wao, amerogwa karibu afe kwa sababu ya ugomvi wake na Sammy, nyapara, kwa sababu pale angalau Mkikuyu ana mambo yake mwenyewe, si kulima na kubeba maji tu.

Na usikichukue kama daiari. Wazazi anawaita Robin na Tilly ilhali majina yao yalikuwa Jos na Nellie Grant, na aliandika akiwa ameshapita hamsini, sasa yale maongezi marefu ya watu wazima aliyakumbuka aje neno kwa neno? Mi hapo nakataa, ingawa raha ya kusoma haipungui.

Naipa 3.5 kwa 5. Kama una shosho au guka wa upande wa Gatundu ama Murang'a muulize kwanza stori za masetla alizoachiwa na wazazi wake, kisha ndio usome. Na ukinunua ya mtumba fungua kurasa za katikati kabla hujalipa, yangu ilikuwa imetoka karatasi kadhaa na muuzaji ananiambia eti hizo si za maana.