Kushuka Fischer's Tower kwa kamba: asubuhi safi, mchana ilibidi nidai kamba ya pili

Jumamosi tulikwenda hifadhi ya Hell's Gate, Naivasha, watu sita wa ofisi moja, kushuka kwa kamba kutoka Fischer's Tower, ule mwamba unaosimama peke yake karibu na lango la Elsa. Urefu wake ni kama mita 25. Juu ni padogo, hivyo tulipanda wawiliwawili.

Asubuhi sina lawama. Kofia zilikuwa nzima, na hakuna aliyesogea ukingoni kabla mwongozaji hajaivuta karabina yake (pete ya chuma yenye mlango, inayokuunga na kamba) kwa mkono na kukagua kama imefungwa. Tulishuka kwa njia ya kawaida, uso ukielekea mwamba, na chini ya kile chuma chenye umbo la nane kinachopunguza mwendo wa kamba kulikuwa na kitanzi cha prusik, yaani uzi mnene uliozungushwa kwenye kamba, unaoibana ukiachia. Nikiwa katikati mkono uliniteleza. Kitanzi kikabana kamba, nikaning'inia palepale. Tangu hapo nikakiamini kabisa.

Kijana mmoja wa timu alitufundisha pia fundo la Munter, la kutumia ukiwa umeangusha kile chuma: karabina kubwa na kamba tu. Huipotoa kamba vibaya, na upande unaoshikwa na mkono usipite kwenye mlango wa karabina, maana kamba ikisugua pale inaweza kuufungua. Alieleza hayo yote kabla hatujagusa kitu. Namshukuru.

Baada ya chakula tukaulizwa nani anataka kushuka kifudifudi, unatembea ukutani ukitazama chini. Nikanyoosha mkono wa kwanza. Nilivikwa mkanda wa mwili mzima, na kule juu kamba ikaunganishwa mgongoni. Hapo moyo ukashtuka: sioni chochote. Karabina imefungwa au haijafungwa, siwezi kujua. Nywele au shati likinaswa kwenye chuma, mkono haufiki. Na safari hii hakukuwa na kitanzi cha prusik. Nikauliza, nikiachia kamba nani ananishika? Jibu la mwongozaji likawa kwamba mkono wangu unatosha, na kwamba yeye ameshuka hivyo miaka mingi.

Nilikataa kusogea. Nilitaka mtu asimame chini ashike ncha ya kamba, kwa sababu akiivuta chuma hukaza na mshukaji husimama hata akizirai. Nilitaka pia kamba ya pili iliyofungwa juu mahali pake penyewe, ikiachiliwa taratibu kutoka huko. Ilichukua dakika ishirini, wakafanya vyote viwili bila kununa, na mwenzangu akakagua mgongo wangu akinisomea kwa sauti anachokiona. Kisha nikashuka. Ardhi ilikuwa inakuja usoni kwangu, na nilifurahi mno!

Natamani hiyo kamba ya pili iwe desturi yao kwa kila mteja. Ukienda, iulize mapema ukiwa bado chini. Kule ukingoni, wenzako wakikushangilia, kusema hapana ni kazi ngumu.