Usiidharau pangaboi: ndege za ATCL kwa anayesafiri na mgonjwa wa goti

Mama yangu ana miaka 71 na goti lake la kulia limechoka kabisa. Kila baada ya miezi mitatu au minne nampeleka kliniki Dar kutoka Songea. Kwa basi ni zaidi ya kilomita 900: Njombe, Makambako, Iringa, Morogoro, na mkifika stendi ya Mbezi mguu umevimba hadi kiatu hakivuliki. Tukajibana, tukaanza kupanda ndege. Sasa nimeshapanda za Air Tanzania (ATCL) za aina mbalimbali, na nimejifunza jambo ambalo hakuna aliyenieleza mwanzoni: ukisafiri na mgonjwa, uliza aina ya ndege kabla ya kulipia tiketi. Wakala wangu wa kwanza alinijibu, "Dada, ndege ni ndege, muhimu ufike." Si kweli hata kidogo.

Songea utapelekwa na Q400, ndege ya injini za mapanga. Wengi wanaiita bombadia au pangaboi, tena kwa dharau, kana kwamba yenye mapanga ni ya zamani na isiyo na mapanga ndiyo ya kisasa. Mbili za kwanza zilifika Septemba 2016, wakati shirika lilikuwa karibu halina ndege ya kurusha. Ina viti 76, sita vya biznesi na 70 vya kawaida, viwili kulia na viwili kushoto, kwa hiyo hakuna wa kubanwa katikati. Mabawa yako juu ya madirisha. Hilo maana yake ni kwamba bawa halikuzuii kuona nchi chini yako.

Kwa mama, jambo la kwanza ni mlango. Q400 imekaa chini. Mlango wa mbele unafunguka kwenda nje na kugeuka ngazi, fupi, yenye pa kushika. Mama hutanguliza mguu mzima, anavuta ule mbovu, anapumzika, anaendelea. Nasimama nyuma yake na mkoba wake wa kitenge mkononi, na mara zote tumefika juu bila kubebwa. Kwake hilo ni jambo kubwa. Hapendi kubebwa mbele ya watu.

Ukikaa dirishani safu za katikati, jirani na bawa, utaona kitu ambacho ndege nyingi kubwa hazikuonyeshi. Matairi ya Q400 hayajifichi tumboni, yanaingia ndani ya kibweta cha injini. Ndege ikishapaa, miguu miwili mirefu inakunjwa kuelekea nyuma, vifuniko vinafunga, na unabaki unatazama mapanga sita yanayozunguka hadi yanageuka kivuli. Mara ya kwanza mama alinishika mkono: "Mwanangu, matairi yamekwenda wapi?" Tulipokaribia kutua yakashuka tena, na aliyatazama mpaka yalipogusa lami na kutoa ule moshi mdogo mweupe. Tangu siku hiyo hana hofu. Anasema ameona kwa macho yake kwamba miguu ipo.

Mvumo upo, sitaficha. Unazidi kwa waliokaa sambamba na mapanga, na unapungua ukisogea nyuma. Makabati ya juu nayo ni madogo. Begi la magurudumu linaloingia vizuri kwenye jeti halitaingia humu, kwa hiyo dawa, miwani na vyeti vya hospitali viweke kwenye mkoba mdogo unaokaa miguuni.

Lakini wanaotaka jeti iende kila mkoa wafikirie kidogo. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi, ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa. Injini ya mapanga inaondoka kwenye njia fupi ya kurukia na inatumia mafuta kidogo kwa safari za saa moja na kitu. Jeti inapata nafuu yake ikifika juu sana na kubaki huko muda mrefu. Kwa safari fupi inapanda tu na kuanza kushuka. Tena Q400 si goigoi, inakaribia kilomita 660 kwa saa. ATR 72, ile ya Precision Air ambayo abiria hupandia mlango wa nyuma, iko kwenye 500 hivi. Nayo ni ndege nzuri kwa mwenye goti, mlango wake uko chini pia.

Airbus A220-300 tuliipanda kwenda Mwanza kwenye msiba wa mjomba. Kwa starehe hii ndiyo ya kwanza, sina ubishi. ATCL ilikuwa ya kwanza Afrika kuwa nayo, Desemba 2018. Viti 132, viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, na wale watatu wa pamoja hawaonewi kwa sababu kiti cha katikati kimetengenezwa kipana kidogo kuliko vya pembeni. Madirisha makubwa, utulivu, mama alilala. Tatizo lake linajulikana dunia nzima, injini zake zilichakaa mapema kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka 2022 baadhi ya za kwetu ziliegeshwa kusubiri injini. Tatizo jingine ni la kwetu sisi wa magoti: ngazi yake ya kusukumwa ni ndefu. Omba kiti cha magurudumu siku unayokata tiketi, usisubiri asubuhi ya safari.

Boeing 737 MAX 9, iliyoanza kufika Oktoba 2023, ina viti 181, vitatu vitatu. Ukiwa na mgonjwa chukua kiti cha kwenye ujia, basi. Boeing 787 Dreamliner yenye viti 262 sijaipanda. Kazi yake ni safari ndefu, ingawa mwaka 2018 ilianza kwa Kilimanjaro na Mwanza.

Kujua utapanda ipi ni rahisi. Kwenye taarifa za safari, wakati wa kukata tiketi, tafuta alama tatu, herufi au tarakimu, za aina ya ndege: DH4 ni Q400, 223 ni A220, 7M9 ni MAX 9, 788 ni Dreamliner. Ukiona 223 na mgonjwa wako hawezi ngazi, piga simu hapo hapo. Ukiona DH4, chagua kiti cha nyuma kama anasumbuliwa na kelele, cha dirishani safu za katikati kama anapenda kutazama.

Sisi tuna kliniki mwezi ujao. Nilimshauri mama tukae nyuma, kuna utulivu. Amekataa, anataka pale pale pa matairi, na pamba za masikioni ameshaniagiza.