Breki za gari la zamani Mwanza: nunua kipi kwanza, kipi baadaye

Swali ninaloulizwa sana na wenye Land Rover Series, Volkswagen Beetle na Land Cruiser 40 za mwanzo ni moja: niweke breki za diski, yaani sahani ya chuma inayobanwa na pedi pande zote mbili? Jibu langu ni kwamba diski ni ununuzi wa tatu. Kuna mambo mawili ya kulipia kabla yake, na ukiyaruka utakuwa umefunga vyuma vya bei kwenye mfumo ambao bado unaweza kukuacha bila breki kabisa.

Magari haya yalitoka kiwandani na dramu (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, likisuguliwa kutoka ndani na vipande viitwavyo shuu), mengi yakiwa nazo kwenye magurudumu yote manne. Land Rover Series III, iliyotengenezwa tangu 1971 hadi 1985, ni mfano mzuri. Mwanza ya leo ina vilima kama Bugando, ina daladala zinazosimama popote abiria anapopunga mkono, na ina bodaboda zinazokatiza ghafla. Ukitoka Usagara kuelekea daraja la Kigongo–Busisi, barabara inakushawishi ukanyage mafuta. Kumbuka gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa hubeba nishati mara nne ya lile la kilomita 40, wala si mara mbili, na breki zako lazima ziigeuze nishati hiyo yote kuwa joto.

Nafasi ya kwanza: hozi, silinda na mafuta mapya ya breki

Hakuna fedha inayorudisha usalama mkubwa kwa gharama ndogo kama hii. Anza na hozi, zile bomba za mpira zinazoshuka kwenye magurudumu. Kwa nje hozi inaweza kung'aa, fundi akakwambia, "Bosi, hii bado nzima," kumbe ndani mpira umevimba na tundu limebaki jembamba. Ukikanyaga, mguu wako una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite. Ukiachia, chemchemi za shuu hazina nguvu ya kuyarudisha. Gurudumu linabaki limeshika, habu (kitovu cha gurudumu) inachemka, gari linavuta upande mmoja. Wengi hapo hubadilisha shuu na tatizo likabaki palepale. Pima hivi: baada ya safari fupi sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, inua gurudumu hilo, legeza nati ya kutolea upepo. Likianza kuzunguka kirahisi, kuna presha iliyonaswa, na hozi ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Hozi, raba na silinda za kwenye magurudumu usinunue za mtumba, hata ziwe orijino. Mpira huzeeka ukiwa umekaa tu. Vilevile usikubali bomba la shaba la friji litumike mahali pa bomba la breki. Shaba tupu huchoka kwa mtikisiko na kupasuka. Dai bomba la chuma la breki au la mchanganyiko wa shaba na nikeli, na ncha zake zikunjwe mara mbili kwa kifaa chake. Na fundi akipendekeza "kuziba" gurudumu linalovuja ili gari litembee, ondoa gari lako hapo. Breki za upande mmoja hulivuta gari kwenda upande huo huo siku utakapozihitaji kweli.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na sisi wa kandokando ya ziwa tuna unyevu wa kutosha. DOT 3 (daraja la mafuta ya breki linaloandikwa kwenye kopo) ikiwa mpya inatakiwa kustahimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka hufanya mapovu, na mapovu hubonyea, kwa hiyo pedali inazama. Kwa gari la kawaida nunua DOT 4, kopo dogo lenye lakiri, ubadilishe kila baada ya miaka 2. Kopo lililokaa wazi dukani liache hukohuko. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine, DOT 5.1 ni kitu tofauti, isikuchanganye. Oili ya injini au ya gia isiingie humo hata tone, maana huvimbisha raba zote.

Ukifungua dramu, usipulize vumbi kwa kompresa. Shuu nyingi za enzi hizo zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huua mapafu polepole. Lowesha, futa kwa kitambaa, kitupe. Na hapo hapo angalia tairi: tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni (si ile ya mafuta) ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Breki nzuri juu ya tairi iliyokauka hazisimamishi gari.

Nafasi ya pili: masta silinda ya vyumba viwili

Magari mengi ya zamani yana masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) ya chumba kimoja inayolisha magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, pedali inagonga sakafu na huna kitu. Masta ya vyumba viwili hutenganisha mbele na nyuma, hivyo upande mmoja ukifa, mwingine unabaki. Marekani ililazimisha mfumo huu kwa magari madogo tangu 1968. Usijifariji na handbreki: ya Land Rover Series hushika shafti inayotoka kwenye gia, na imekusudiwa gari lililosimama.

Nunua mpya, yenye kipenyo cha pistoni sawa na ya zamani. Ikiwa pana zaidi, pedali inakuwa ngumu. Ikiwa nyembamba, inakuwa laini lakini inakwenda mbali. Kwa anayetoka Capri Point hadi Kirumba mwisho wa wiki na kurudi, nafasi hizi mbili zinatosha, na ningemshauri aishie hapo.

Nafasi ya tatu: diski za mbele pamoja na busta

Anayebeba mzigo au anayekwenda Sengerema na Geita mara kwa mara, diski zitamfaa. Dramu ikipata moto hutanuka na kuikimbia shuu. Diski iko wazi, inapoa haraka, na inatema maji na vumbi. Walioosha gari mwaloni wanajua: ukitoka na dramu zilizolowa, mikanyago ya kwanza haishiki. (Tembea polepole huku umegusa pedali kidogo mpaka zikauke.)

Diski hununuliwa na busta yake (kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga), kwa sababu shuu za dramu hujivuta zenyewe zikishika na kuupunguzia mguu kazi, ila pedi za diski hazifanyi hivyo. Kwa Land Cruiser 40 njia nzuri ni vifaa vya matoleo ya baadaye, ambayo yalitoka na diski za mbele. Kabla ya kulipa, ingiza rimu yako ujue kama inapita juu ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Kisha uliza kuhusu vali inayobakiza presha kwenye masta ya dramu: ya mbele ikibaki, pedi zitasugua diski muda wote. Nyuma nako panahitaji vali ya kupunguza presha, la sivyo magurudumu ya nyuma yatafunga kwanza na gari litageuka.

Ya mwisho: busta peke yake, diski za nyuma, diski za matundu

Busta hupunguza nguvu ya mguu tu, haiongezi uwezo wa breki zilizochoka. Gari likifunga breki uzito huhamia mbele, kwa hiyo diski za nyuma huongeza kidogo na kuleta usumbufu wa handbreki. Za matundu ni urembo kwa mwendo wetu.

Usimalize kumlipa fundi kabla hujakanyaga pedali kwa nguvu na kuishikilia nusu dakika. Ikizama taratibu na hakuna panapovuja nje, masta inavuja ndani, na kazi irudi juu ya jeki. Isipozama, jaribu kwenye uwanja mtupu kwa mwendo mdogo, umeshika usukani kidogo tu, uone kama gari linasimama likiwa limenyooka.