Desa la baiolojia ya binadamu la stesheneri za Dodoma: nunua, ila usiliamini kila ukurasa

Mwaka wa kwanza wa kozi za afya ukianza, stesheneri za Ng'ong'ona na za katikati ya mji hujaa madesa, yaani vijitabu vya notisi vilivyotolewa kopi. Hili la baiolojia ya binadamu halina jina la mwandishi. Ni kurasa 140 hivi za A4, spairo ya plastiki, jalada jepesi, kwa shilingi 8,000 au pungufu kidogo ukichukua mawili. Limelenga cheti na diploma, ingawa wanafunzi wa kidato cha tano na sita wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) na CBG (kemia, baiolojia, jiografia) nao wanalibeba.

Maelezo ni mafupi na yanasomeka. Mifupa imepangwa vizuri: 206 kwa mtu mzima, pingili za shingo 7, za kifua 12, za kiuno 5. Mfumo wa chakula nao hauna tatizo. Mambo yanaharibika kwenye moyo na figo, na bahati mbaya hapo ndipo walimu wanapopenda kutungia maswali.

Mchoro wa moyo umetolewa kopi ya kopi. Rangi zimekufa, ateri na vena zote ni kijivu, na mishale ya mtiririko wa damu imefutika nusu. Anayekariri kutoka hapo huweka ventrikali ya kulia upande wa kulia wa karatasi, kumbe mchoro ni wa mtu anayekutazama, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako. Dawa ni penseli mbili za rangi. Paka nyekundu palipo na damu yenye oksijeni, bluu palipo na damu isiyo nayo, kisha jihoji kwenye mishipa ya mapafu: ateri ya mapafu lazima iwe bluu, na vena zake nne ziwe nyekundu. Ukikuta umepaka kinyume, bado unaamini kwamba kila ateri hubeba damu yenye oksijeni. Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni, basi. Aina ya damu haihusiki. Ukuta wa ventrikali ya kushoto uchore mnene waziwazi kuliko wa kulia, maana huo ndio unaosukuma damu mwili mzima, na alama yake huwa haikosekani kwenye mwongozo wa kusahihisha.

Kwenye figo kuna kosa la kweli, si la kopi. Desa linasema figo hutengeneza lita 180 za mkojo kwa siku. Hizo ni lita za maji yanayochujwa kwenye glomerulasi (vifundo vya mishipa midogo ya damu ndani ya figo), yaani mililita 125 hivi kwa dakika mara dakika 1,440. Zaidi ya asilimia 99 hufyonzwa kurudi kwenye damu, na mkojo unaobaki kwa kawaida ni lita moja hadi mbili. Futa sentensi hiyo kwa kalamu siku hiyo hiyo unayonunua.

Sehemu ya maabara inaonyesha kwamba mwandishi ni mtu wa huku huku: vipimo vya vyakula vinatumia uji wa mtama kwa wanga, karanga kwa mafuta, na juisi ya zabibu kwa sukari. Wazo zuri, isipokuwa zabibu zimewekwa kwenye kipimo cha sukari isiyopunguza, yaani ile isiyobadilisha rangi ya Benedict (kimiminika cha bluu cha kupimia sukari) mpaka ichemshwe kwanza na asidi. Sukari ya zabibu ni glukosi na fruktosi, na zote mbili zinapunguza. Testi tyubu ya kwanza kabisa, kabla hata ya asidi, itageuka rangi ya tofali, na jaribio litakuwa limekufa. Tumia sukari ya mezani iliyoyeyushwa. Zabibu zibaki kwenye kipimo cha kawaida cha Benedict: mililita 2 za juisi, mililita 2 za Benedict, dakika 3 hadi 5 kwenye bika la maji yanayochemka. Kama zabibu ni nyekundu, changanya kwanza juisi mililita 1 na maji 9, la sivyo rangi ya tunda itakuficha mabadiliko ya mwanzo.

Kuna hatua nyingine imerukwa hapo hapo. Baada ya kuchemsha sukari ya mezani na asidi ya haidrokloriki, ni lazima uongeze bikaboneti ya sodiamu kidogo kidogo mpaka mapovu yakome, ndipo uweke Benedict, kwa sababu Benedict hufanya kazi kwenye alkali. Ukiruka hatua hii, testi tyubu inaweza kubaki bluu na utaandika "hakuna sukari" kwa sampuli ambayo ni sukari tupu.

Kipimo cha mapigo kinaagiza kuhesabu sekunde 15 mara 4. Hapo pigo moja ulilokosa linakuwa manne. Hesabu sekunde 30 mara 2, kwa kidole cha shahada na cha kati. Kidole gumba kina mapigo yake chenyewe.

Sasa karatasi ya kujitathmini mwishoni mwa kila mada. Kwa maoni yangu hii ndiyo inayostahili hela yako, na ndiyo ambayo wengi huiacha tupu. Ina safu za mada, alama, saa ulizosoma, na "sababu ya kukosa". Safu ya saa haina maana. Anayepitisha macho saa nne na anayejichorea nefroni (kichujio kidogo cha figo) bila kuangalia kwa nusu saa hawajafanya kazi moja. Safu ya sababu ndiyo kiini, ila imeachwa wazi mno, na kila mtu anaandika "sikusoma vya kutosha".

Igawe kwa herufi nne. J ni sikujua kabisa. C ni nilichanganya vitu viwili. S ni sikuelewa swali, mfano umeambiwa "tofautisha" ukaeleza kimoja tu. M ni mchoro usio na majina au uliokosa muda. Kisha rudia karatasi yako ya testi, alama kwa alama. Tuseme umepata 22 kati ya 40. Zile 18 zilizopotea zikigawanyika J 4, C 9, S 3, M 2, tatizo lako si uvivu. Nusu ya hasara ni kuchanganya: yureta na yurethra, ateriole inayoingia glomerulasi na inayotoka, kundi O linalotoa na AB linalopokea. Kurudia kusoma desa zima hakutibu C. Kinachotibu ni jedwali la safu mbili ulilojaza mwenyewe desa likiwa limefungwa, ukalirudia kesho yake, baada ya siku tatu, na baada ya wiki.

Karatasi hiyo pia imekosa mstari wa hesabu ya mwisho. Uongeze kwa mkono. Pale ambapo kozi weki (testi na kazi za muhula) inabeba 40, UE (mtihani wa mwisho wa muhula) inabeba 60 na kufaulu ni 50, mwenye 18 ya kozi weki anahitaji 32 kwenye UE, zaidi kidogo ya nusu. Mwenye 12 anahitaji 38. Ni afadhali kuiona tofauti hiyo wiki ya nane kuliko kuiona kwenye orodha ya sapu, yaani ya wanaorudia mtihani.

Spairo yake hukatika ikibanwa begini, kwa hiyo omba wakubaindie upya kwa spairo nene. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa nefroni na ule wa moyo. Kama majina hayasomeki, dai nakala nyingine, maana kila stesheneri inatoa kopi kutoka nakala yake. Ile PDF inayozunguka WhatsApp ni ya bure, lakini majedwali yake yamevunjika na karatasi za kujitathmini hazimo.