TAHADHARI: Wakopeshaji wanaoanika siri za wateja, Arusha na Moshi

Wakuu, hasa walimu, wauguzi na wafanyabiashara wadogo mnaochukua mikopo ya haraka, ile ya kausha damu: mbali na riba, angalieni makaratasi yenu yanaishia wapi.

Fomu moja ya mkopo ina jina kamili, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), simu, akaunti ya mshahara, cheki namba (namba ya mtumishi wa serikali) na simu za wadhamini. Ofisi nyingi ndogo hazina hata kabati la kufuli. Fomu zinarundikwa kwenye boksi chini ya meza, likijaa zinatolewa kama karatasi chakavu, na zinaweza kuishia kufungia karanga stendi. Ofisa naye anapiga picha kitambulisho chako kwa simu yake mwenyewe, anaitupia kwenye grupu la WhatsApp la ofisi. Akiacha kazi, picha zote anaondoka nazo. Hapo hakuna mdukuzi, ni uzembe mtupu.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kama PIN yako ya simu ni mwaka wa kuzaliwa, aliyeokota fomu ameshaisoma. Badilisha leo. Na tapeli akikupigia akataja kiasi cha mkopo wako na tarehe ya rejesho, kisha akasema namba ya kulipia imebadilika, ni rahisi sana kumwamini. Kata simu, nenda ofisini ukaulize.

Wabaya kuliko wote ni wanaobaki na kadi yako ya ATM pamoja na PIN. Siku hela ikipotea, benki watakuambia PIN uliitoa mwenyewe. Kama umeshaiacha, nenda tawini na kitambulisho, kadi ifungwe, upewe nyingine yenye PIN mpya. Deni liko palepale, kwa hiyo kubalianeni kwa maandishi njia nyingine ya kulipa.

Kopi ya kitambulisho ichore mistari miwili ya mshazari, katikati yake uandike "kwa mkopo wa kampuni fulani tu" na tarehe, maandishi yapite juu ya picha. Kadi ya benki usikubali itolewe kopi kabisa: namba za mbele, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma zinaweza kutosha kununulia vitu mtandaoni.

Kuhusu programu za mikopo, Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitangaza 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Programu ikiomba kusoma majina yaliyo kwenye simu yako, ikatalie. Ndiyo hayo wanayoyatumia kumtumia meseji shemeji yako na bosi wako ukichelewa siku moja, na ukishayaruhusu, kuifuta programu hakuyarudishi.

Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao huo ifutwe. Meseji za kitapeli zitume 15040.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na inakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinatumikaje. Mwandikie mkopeshaji barua nakala mbili. Wakikupuuza, peleka kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama mkopeshaji ana leseni, peleka malalamiko pia BoT, ambayo ina tawi Arusha. Ila nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujatoka mlangoni kwa mkopeshaji, maana bila huo watasema barua hawajaiona.