Breki kwanza: tathmini ya maboresho ya gharama nafuu kwa Subaru Forester ya familia

Mmiliki wa Subaru Forester ya kizazi cha pili, ile ya muundo wa SG5 yenye injini ya lita 2.0 isiyo na turbo, akiwa na bajeti ndogo ya kuboresha gari lake, ningemshauri aimalizie kwenye breki, matairi na shokapu kabla hajanunua kitu chochote kinachoahidi kuongeza nguvu za injini. Nimefikia uamuzi huo baada ya kufunga vifaa hivi kimoja baada ya kingine kwenye gari letu la nyumbani, ambalo siku za kazi linashinda kwenye foleni za Dar es Salaam na wakati wa likizo linapanda Lushoto likiwa na watu watano na buti lililojaa mizigo. Ninayoyaeleza hapa yanahusu matumizi ya namna hiyo, na yeyote anayetaka gari la mashindano atakuwa na mahitaji tofauti kabisa.

Barabara ya kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo inaeleza vizuri kwa nini breki zinastahili kutangulia. Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Mombo iko karibu na mita 400, na katikati kuna kilomita zipatazo 30 za kona zinazofuatana kupitia Soni. Forester iliyobeba familia na mizigo inakaribia kilo 1,700. Kwa hesabu ya fizikia ya sekondari, uzito huo ukishuka mita 1,000 unatoa nishati inayozidi megajuli 16, ilhali kulisimamisha gari hilohilo kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni kazi ya megajuli 0.65 hivi. Maana yake ni kwamba mteremko ule mmoja una nishati ya kutosha kulisimamisha gari kutoka kilomita 100 kwa saa mara 25 mfululizo. Upinzani wa hewa, msuguano wa matairi na injini iliyo kwenye gia ndogo hupokea sehemu ya mzigo huo, lakini dereva anayeshuka na gia ikiwa kwenye D huku mguu haubanduki kwenye breki anaupeleka sehemu kubwa kwenye diski za mbele, nazo hazina pa kuupeleka isipokuwa kuugeuza kuwa joto.

Joto hilo huleta matatizo mawili ambayo watu wengi huyachanganya, na kwa kuyachanganya hununua dawa isiyo ya ugonjwa wao. La kwanza ni pale pedali inapobaki ngumu chini ya mguu lakini gari halipungui mwendo kama ilivyotarajiwa, mara nyingi kukiwa na harufu ya kuungua. Hapo pedi ndizo zimepita kiwango cha joto zinachokiweza. La pili ni pale pedali inapokuwa laini na kuzama hadi karibu na sakafu. Hapo mafuta ya breki yamechemka, mvuke umejaa kwenye mirija, na nguvu ya mguu inaishia kuubana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Tatizo la kwanza linatibiwa kwa pedi bora na diski zenye uwezo mkubwa wa kubeba joto. La pili linaweza kutibiwa kwa chupa moja ya mafuta mapya, na ndiyo maana mafuta yalikuwa kitu cha kwanza kubadilishwa kwenye gari letu.

Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi joto 205 za Selsiasi, na yakishafyonza maji hadi asilimia 3.7 kiwango hicho cha chini hushuka hadi 140. Ya DOT 4 huanzia 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji, na ya DOT 5.1 huanzia 260 na 180. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa kwa asili yake, na katika mji wa pwani kama Dar es Salaam sioni sababu ya kuyaacha kwenye gari zaidi ya miaka miwili. Lita moja ya DOT 4 inatosha kusukuma mafuta ya zamani yote nje ya mfumo. Yaliyotoka kwenye gari letu yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, wakati mapya yana rangi ya manjano hafifu sana. Sisitiza kwamba chupa ifunguliwe mbele yako, kwa sababu ile iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji imeshaanza kufyonza unyevu, na usikubali DOT 5 isiyo na nukta moja mbele yake, kwa kuwa hiyo ni ya silikoni na haichanganyiki na hizi nyingine. Kwa thamani ya fedha, hakuna boresho lililolishinda hili.

Pedi ndizo zenye soko gumu zaidi. Kariakoo utazipata za kila bei, na boksi lenye jina kubwa si ushahidi wa kilichomo ndani. Duka moja ambalo sitalitaja lilinipa boksi lililochapwa vizuri, lakini pedi zilizokuwa ndani zilikuwa na kingo zinazomomonyoka kwa ukucha, hazikuwa na vibati vya nyuma vya kupunguza kelele, na mgongo wa chuma haukuwa na namba yoyote ya toleo. Pedi za mtengenezaji anayeeleweka huwa na maandishi kwenye mgongo au ubavuni, na mara nyingi mwishoni mwa mfululizo huo kuna herufi mbili ambazo muuzaji hakuambii. Herufi ya kwanza inaonyesha daraja la msuguano katika joto la kawaida na ya pili katika joto kubwa: E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Kwa gari la familia ningetafuta FF au zaidi, na ningeikataa pedi yenye E upande wa joto kubwa hata ikiwa nusu bei, kwa sababu huko mteremkoni ndiko itakakopungua nguvu.

Niliyoichagua ni Akebono, kampuni ya Japani iliyoanza mwaka 1929 na ambayo imekuwa ikivisambazia vipuri vya breki viwanda vya magari vyenyewe. Seti ya mbele iligharimu chini ya kujaza tangi la lita 60. Breki zinashika vizuri tangu asubuhi kabla pedi hazijapata moto, jambo ambalo mama anayewahisha watoto shule analihitaji kuliko uwezo wa kuhimili joto la uwanja wa mashindano, na hazipigi kelele kwenye foleni. Wapo wanaoagiza EBC kutoka Uingereza, hasa aina ya Yellowstuff inayolenga uendeshaji wa nguvu. Ni bidhaa yenye heshima yake, lakini ukijumlisha usafirishaji na kodi inaacha kuwa boresho la gharama nafuu, na kwa gari hili sikuona ulazima wake.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa na diski, na mafundi wengi huiruka hatua hii. Baada ya kuzifunga, tafuta barabara iliyo wazi na salama, ongeza mwendo hadi kilomita 90 hivi kwa saa, punguza kwa nguvu ya wastani hadi karibu na 20 bila kusimama kabisa, kisha rudia mara nane hadi kumi na uendeshe polepole bila kugusa breki hadi zipoe. Zoezi hili hutandaza utando mwembamba na sawia wa pedi juu ya diski. Mitetemo mingi ambayo watu huiita diski kupinda hutokana na utando uliotandazwa vibaya, na gereji hukimbilia kuchonga diski, yaani kuipunguzia unene na uwezo wa kubeba joto kwa kosa ambalo si lake.

Boresho nililolipenda kuliko yote ni kubadilisha breki nzima za mbele kwa zile za Forester yenye turbo. Gari letu lilitoka Japani na diski za mbele zenye kipenyo cha milimita 277, wakati toleo la XT la kizazi hichohicho linatumia diski za milimita 294 zenye unene wa milimita 24. Kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, na kiti chake hufungwa kwenye matundu yaleyale, bila kutoboa wala kuchomelea chochote, na masta silinda ya awali, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, inaendelea kutumika. Kalipa za mtumba kutoka Japani zinapatikana kwa wauzaji wa vipuri wa Gerezani, lakini zikague kwa mikono yako kabla ya kulipa. Pini zake ziteleze bila kukwama, mipira ya kukinga vumbi kwenye pistoni isiwe na mpasuko, pistoni irudi ndani ikibanwa kwa kibano, na vale ya kutolea hewa iwe inafunguka, kwani ikikatikia ndani umenunua chuma chakavu. Hakikisha pia una ya kulia na ya kushoto, kwa sababu zikibadilishana upande vale hizo zinakuwa chini, na hewa haitatoka hata fundi akisukuma pedali siku nzima.

Diski nilinunua mpya. Kikomo cha unene kwa diski hii ni milimita 22, nayo ya mtumba yenye kingo zilizoinuka pembeni huwa imeshakula sehemu kubwa ya zile milimita 2 za akiba. Bati la kukinga vumbi lililo nyuma ya diski linahitaji kukunjwa kidogo au kubadilishwa, la sivyo litasugua. Rimu lazima ziwe za inchi 16 au zaidi, na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: tairi la akiba la inchi 15 halitaingia mbele. Ukipata pancha ya mbele utalazimika kuhamisha tairi la nyuma kuja mbele na kulifunga la akiba nyuma, kwa hiyo mwenzako anayeliendesha gari hilo naye alijue hilo.

Je, gari linasimama karibu zaidi? Kwa breki moja ya ghafla kwenye lami kavu, tofauti ni ndogo, kwa sababu breki za awali zenye afya tayari zina uwezo wa kuyafikisha matairi kwenye kikomo na kuiamsha ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge. Faida iko kwenye kurudia. Diski kubwa ina chuma kingi cha kupokea joto na eneo pana la kulitoa, na nusu saa ya kona za Soni haibadilishi tena namna pedali inavyojibu. Huko chini Mombo pedali iko palepale ilipokuwa juu, na hicho ndicho nilichokilipia.

Kwa kuwa kikomo cha kusimama kiko kwenye matairi, yanastahili fedha kabla ya kalipa hizo ikiwa yaliyopo yamechoka. Soma tarakimu nne za mwisho wa msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi; hauhusiani na madaraja ya mafuta ya breki. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini umri wa miaka kumi limekauka, na kwenye lami yenye mvua za masika ugumu huo utauona. Shokapu nazo zikichoka, tairi hurukaruka juu ya matuta na halina cha kushika. Forester nyingi za SG zilitoka na shokapu za nyuma zinazojirekebisha urefu kulingana na mzigo, na zikifa gari huinama nyuma kama limebeba saruji. Kuzirudishia za aina hiyohiyo ni gharama kubwa. Shokapu za kawaida za KYB pamoja na springi zinazolingana nazo zinatosha, mradi springi zibadilishwe pamoja nazo.

Kwa Forester yenye breki za ngoma nyuma badala ya diski, mwambie fundi azifungue, asafishe vumbi na kurekebisha nafasi ya viatu vyake. Ni kazi ya ufundi peke yake, na pedali inapanda papo hapo.

Kalipa za pistoni nne za Impreza WRX nazo huingia, na ni nzuri, ila baadhi ya rimu za inchi 16 hugusana nazo, kwa hiyo jaribu rimu kwanza. Zile za Brembo zilizokuja na Forester STI, gari la nguvu farasi 265, zinadai rimu za inchi 17 na ni nyingi mno kwa injini yetu.

Kuhusu nguvu za injini nina machache ya kusema. Injini hii ina takriban nguvu farasi 140, na eya klina ya koni inayouzwa kama boresho huvuta hewa ya moto ya ndani ya boneti na kuongeza sauti kuliko nguvu. Ekzosi kubwa vivyo hivyo. Kilicholirudishia gari letu uchangamfu ni plagi mpya, eya klina ya karatasi ya kawaida na kusafisha sensa ya hewa kwa dawa yake. Fedha iliyobaki niliiweka kwenye mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000, kwa kuwa katika injini hii ukikatika pistoni hugonga vale, na hapo hakuna breki wala tairi litakaloliondoa gari gereji.