Kliniki ya matiti isiyoridhika na kipimo kimoja

Tulikwenda wawili, mtu na wifi yake. Mimi nina miaka 27, yeye 49, kila mmoja na uvimbe wake kwenye titi, na majibu yetu yalitofautiana kabisa. Kliniki iko ndani ya hospitali ya rufaa hapa Dar es Salaam na inashughulika na matiti tu. Jina nimeliacha kwa makusudi. Nataka msomaji ajue huduma nzuri ya uvimbe wa titi ikoje, aidai popote alipo, awe Temeke au Kahama.

Kilichonifanya niandike ni kwamba pale hakuna mtu anayekwambia "ni kansa" au "si kansa" kwa kushika tu, wala kwa picha tu. Wanaanza na mkono wa daktari, kisha picha, kisha kinyama kinachokwenda maabara. Majibu yote yanawekwa mezani pamoja. Yakipatana, unaambiwa. Yakigongana, kazi haijaisha.

Daktari anayepima kwa mkono ni mama wa makamo, mpole, hana haraka. Anaanza ukiwa umekaa, mikono kiunoni, halafu mikono juu, anaangalia ngozi na chuchu kama kuna mahali pamevutwa kwa ndani. Kisha unalala, anapapasa titi zima, kwapani na juu ya mtulinga. Titi lisilo na shida ndilo analoanza nalo, ajue la kwako likoje kwa kawaida. Uvimbe wangu ulikuwa unateleza chini ya vidole vyake kama gololi. Wa wifi ulikuwa mgumu, haukwenda popote. Wifi akamwambia, "Lakini hauniumi hata kidogo, daktari." Naamini wanawake wengi wamejifariji kwa maneno hayo. Akajibiwa waziwazi kwamba maumivu hayaamui: titi linalouma mara nyingi ni mambo ya homoni na hedhi, na saratani nyingi ya matiti huanza bila kuuma.

Kwa umri wangu waliniandikia ultrasaundi peke yake. Titi la msichana lina nyama nzito, na kwenye mamografia, yaani eksirei ya titi, nyama hiyo hutoka nyeupe, uvimbe nao mweupe, kwa hiyo unaweza kufichika. Wifi alifanyiwa vyote viwili. Mamografia inabana, hilo nisiwafiche, lakini ni kwa sekunde chache.

Chumba cha ultrasaundi ndicho nilichokipenda kuliko vyote, kwa sababu mtaalamu alitugeuzia skrini. Uvimbe wangu ulikuwa umelala, upana umezidi kimo, kingo zake laini, umezungukwa na mstari mwembamba. Wa wifi ulikuwa umesimama, kimo kimezidi upana, kingo zimechongoka huku na huku, na chini yake kivuli kizito. Kwenye titi lake la pili kulikuwa na kidude cheusi tii, cha mviringo, na nyuma yake mwanga mkali. Hicho alisema ni kifuko cha maji, hakina madhara, hakihitaji kukatwa. Nyumbani tungekishika tungeogopa vilevile.

Ripoti zinapangwa kwa makundi ya BI-RADS, mfumo wa kupanga picha za matiti kwa kiwango cha shaka ya saratani, kuanzia 0 hadi 6. Wangu uliwekwa kundi la 3, yaani uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2. Nikapewa hiari: nirudi baada ya miezi sita waone kama umebadilika, au nichukuliwe kinyama sasa. Nilichagua kinyama maana usingizi ulikuwa umenikimbia. Wa wifi ulikuwa kundi la 5, ambalo uwezekano wake unapita asilimia 95, na mamografia ilionyesha pia vidoa vyeupe vidogo vya chokaa vimejikusanya sehemu moja.

Hapa ndipo kliniki hii ilipojipambanua. Wifi alikuja na karatasi kutoka hospitali nyingine. Kule walimchoma sindano nyembamba, wakavuta majimaji na chembe chache, wakaandika hakuna chembe za saratani. Familia ilishapumua. Kaka yangu, yaani mumewe, alikuwa anauliza hata hii safari ya pili ya nini. Daktari aliisoma karatasi, akaiweka kando ya picha, akasema hivi viwili havipatani, na visipopatana hawezi kumwambia mgonjwa aende nyumbani. Sindano nyembamba inaweza kupita pembeni ya uvimbe au kuvuta chembe zisizotosha. Alitaka kinyama kwa sindano nene, ikiongozwa na ultrasaundi ili ncha ionekane inapoingia.

Kuchukuliwa kinyama kwenyewe kuko hivi. Unachomwa ganzi, inaunguza kidogo kisha panakufa ganzi. Wanakwambia mapema kwamba kifaa kitalia "ta!" usije ukaruka. Kinatoka na uzi wa nyama mwembamba, mfupi, wanachukua kadhaa kutoka sehemu tofauti za uvimbe. Za wifi zilizama chini ya kichupa cha fomalini mara moja. Sista aliandika jina, upande wa titi na saa nyama ilipoingia kwenye dawa, maana ikikaa nje muda mrefu vipimo vya vipokezi vya homoni, yaani sehemu za chembe zinazoshika homoni, vinaweza kuharibika. Halafu akanikandamiza pale kwa kiganja chake dakika kumi nzima ili damu isivie, akinisimulia habari za mwanawe anayeanza darasa la kwanza. Michubuko ilibaki, basi.

Majibu yangu: faibroadenoma, uvimbe wa kawaida sana kwa wasichana, usio saratani. Sikukatwa. Ukikua au ukinisumbua ndipo utatolewa. Ya wifi: saratani iliyoanzia kwenye mirija ya maziwa, yenye vipokezi vya homoni ya estrojeni, haijaonekana kufika kwapani. Ameshafanyiwa upasuaji na anaendelea na matibabu. Nikiifikiria ile karatasi ya kwanza, mwili unanisisimka.

Kasoro zipo. Majibu ya maabara yanachelewa, na hawakupigii simu, unafuata mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza. Wao walitimiza, ila kwa kubanana, na kusubiri kule kunamtesa mtu kuliko sindano. Dirisha la malipo liko jengo jingine, kwa hiyo kila kipimo ni kupanda na kushuka ngazi. Pazia la chumba cha kupimia ni jepesi mno, tulimsikia mama wa watu akilia, na hilo halifai. Ripoti ni ya Kiingereza kitupu. Daktari anaifafanua vizuri, lakini nyumbani unabaki na karatasi usiyoweza kumsomea mama yako.

Ukienda, beba picha na ripoti zote za zamani, hata zilizosema huna kitu, kwa sababu wanalinganisha. Vaa blauzi na sketi au suruali, usivae gauni. Siku ya mamografia usipake deodoranti wala poda kwapani, inaweza kutokea kwenye picha kama vidoa. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, sema kabla ya sindano. Na usiondoke bila kumuuliza daktari swali hili: je, mkono, picha na kinyama vimepatana?